Mlumbi wa Karatasini

Mtahiniwa wa kidato cha nne nchini Kenya akifungua karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE hukutana na sehemu ya stadi za kuzungumza, yenye alama 30 kati ya 60. Anaijibu kwa kalamu. Huenda akaulizwa angejiandaa vipi kuhutubia wazazi siku ya kutoa zawadi, naye ataandika kwamba angevaa nadhifu, angewatazama wasikilizaji, angetumia ishara za mikono na kupaza sauti. Atapata alama zake bila kufungua mdomo. Kiswahili nacho hakijanusurika: karatasi ya tatu yaweza kumtaka ataje sifa za mlumbi au umuhimu wa viziada lugha katika utendaji wa fasihi simulizi, na aliyekariri vyema atazimimina zote, hoja baada ya hoja, ilhali hajawahi kusimama mbele ya watu kwa dakika mbili.

Mtihani huo bado upo. Watahiniwa wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 wataufanya mwaka 2027. Kwa hiyo wahadhiri wa Lodwar, iwe katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana kilichoanza mwaka 2017 chini ya kile cha Masinde Muliro, iwe KMTC au vyuo vingine vya mji huo, wataendelea kwa miaka kadhaa kupokea vijana walioufaulu ulumbi karatasini. Vivyo hivyo Eldoret na Kisumu. Tofauti ni kwamba huku kaskazini vijana hao hutoka kwenye mila za usemi ambazo mtihani haukuwahi kuzitambua, na wengine wao karibuni wataketi katika vyumba ambamo namna ya kusema huamua wataishi nchi gani.

Mlango wa kwanza wa kusema hadharani chuoni ni kozi ya Stadi za Mawasiliano ya mwaka wa kwanza, na ndani yake lile zoezi ambalo wanafunzi wenyewe huliita kupresent. Tulitazame kwa karibu. Ni saa nane mchana, na joto la Lodwar limefika nyuzi 35 kama kawaida yake. Projekta imekataa kusoma flashi, hivyo kuna kipakatalishi kimoja kimegeuziwa darasa na safu mbili za mbele ndizo zinazoona. Kundi la watu sita limejipanga ukutani. Anayezungumza ni mmoja, yule aliyeandika kazi; watano waliobaki wamefumbata mikono kama washukiwa wanaosubiri kusomewa mashtaka. Mzungumzaji amewapa wenzake bega, macho kwenye kioo, anasoma slaidi neno kwa neno. Akimaliza, mhadhiri anauliza kama kuna maswali. Darasa linapiga makofi ya haraka, kundi linaketi. Makofi hayo ni mkataba ambao haujaandikwa popote: leo sikuulizi, kesho usiniulize. Kwenye fomu ya alama, mbele ya kipengele cha lugha ya mwili, mhadhiri anaandika 2 kati ya 5.

Wepesi wa kulaumu ungeniambia niseme wanafunzi ni wavivu au mhadhiri hajali. Lakini hesabu yenyewe inabana. Darasa la kozi ya lazima huweza kuwa na watu 90. Muhula una wiki 14 za masomo, saa tatu kila wiki, yaani saa 42. Kila mtu akipewa dakika kumi za kusema na tano za maswali, zoezi litameza saa 22 na nusu, zaidi ya nusu ya muhula. Wakigawanywa makundi ya watu sita, linaisha kwa chini ya saa nne. Ndipo kundi likazaliwa, na ndani ya kundi akazaliwa msemaji mmoja na mashahidi watano. Wote sita hupewa alama sawa, na hizo huingia kwenye zile 30 za kazi za darasani kabla ya mtihani wa 70.

Kinachokosekana pale si mbinu za mikono. Kinachokosekana ni hadhira. Mzungumzaji ana msikilizaji mmoja tu anayemhitaji, naye ameshika kalamu. Darasa halina haja ya anachosema, kwa kuwa litaulizwa kuhusu mada yake katika mtihani kutoka kwenye maelezo ya mhadhiri, wala si kutoka kwake. Mwili wa binadamu hutambua jambo hilo haraka kuliko akili. Humwelekea mwenye kalamu, au kioo, au sakafu.

Ushahidi ni kwamba mwanafunzi yuleyule, akitoka hapo, hubadilika. Kakuma, yapata kilomita 120 kaskazini-magharibi mwa Lodwar, ni mahali pazuri pa kuliona hilo. Kambi yake ya wakimbizi ilianza mwaka 1992 kwa vijana waliokimbia vita vya Sudan, na tangu hapo imepokea watu wa Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia, Rwanda na Uganda. Jirani yake, makazi ya Kalobeyei, yalifunguliwa mwaka 2016. Kijana wa Kivu aliyesimama kama gogo Ijumaa darasani, Jumapili utamkuta anahubiri chini ya mabati. Anatumia jukwaa zima, anashuka katikati ya waumini, anainua Biblia, anaacha neno likining'inia mpaka kanisa limjibu. Msomali aliyepitia dugsi, yaani madrasa ya Kurani, amezoea kubeba sura nzima kichwani na kuitoa kwa pumzi iliyopimwa, mwili ukiyumba taratibu. Hakuna aliyewapa fomu ya alama. Walipewa watu waliokuja kwa hiari kusikia.

Na kabla ya kambi, kabla ya chuo, Waturkana walikuwa na shule yao. Wazee hukutana chini ya mti, wengi wameketi kwenye ekicholong, kile kigoda kidogo cha mbao ambacho usiku huwa mto wa kichwa. Anayesema husimama, fimbo mkononi. Hana haraka. Hunyamaza katikati ya hoja na ukimya wake huheshimiwa. Sala ya mkutano huitikiwa na wote kwa sauti moja. Vijana hukaa pembeni miaka nenda miaka rudi wakisikiliza, kwa sababu pale kusikiliza ndiko darasa la kwanza la kusema. Mtoto wa boma hilo akiingia chuoni, ukimya wake wa sekunde nne huandikiwa “amesahau”. Kuinamisha macho mbele ya mhadhiri aliye rika la babaye huandikiwa “hajiamini”. Sitaki kuupamba mti huo kupita kiasi. Wanawake hawakuwa na nafasi sawa chini yake, na kijana mwenye hoja nzuri aliweza kuzeeka akiingoja zamu yake. Hata hivyo ulifundisha mambo mawili ambayo slaidi haifundishi: kumngoja msikilizaji afike ulipo, na kusema kitu ambacho waliopo watalazimika kukiamua.

Fomu za alama zinazozunguka vyuoni mwetu zina asili nyingine kabisa. Nyingi zimetokana na vitabu vya Kimarekani, na vitabu hivyo hubeba tarakimu moja mashuhuri: kwamba maneno ni asilimia 7 ya mawasiliano, sauti 38 na mwili 55. Imeandikwa ubaoni mara nyingi mno. Chanzo chake ni majaribio mawili ya mwaka 1967 ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian, ambamo watu walisikilizishwa neno mojamoja likitamkwa kwa sauti tofauti, na katika jaribio la pili wakaonyeshwa picha za nyuso, kisha wakaulizwa msemaji ana hisia gani. Hiyo 55 ilikuwa ya uso, haikuwa ya mikono wala mwendo, na Mehrabian mwenyewe amesema hesabu yake inahusu hisia na mapendeleo pekee. Anayeamini kwamba maneno ni asilimia 7 na aende akasikilize hotuba ya dakika kumi kwa lugha asiyoijua, kisha atueleze amepata asilimia 93.

Halafu kuna lile la kusimama kama shujaa: mikono kiunoni dakika mbili kabla ya kupanda jukwaani, na ujasiri utakuja. Utafiti wa mwaka 2010 uliolianzisha ulikuwa na watu 42. Mwaka 2015 watafiti wengine waliurudia kwa watu 200. Baadhi walisema wanajihisi wenye nguvu zaidi, lakini mabadiliko ya homoni na ya matendo yaliyodaiwa hayakuonekana. Mwaka uliofuata Dana Carney, mmoja wa waandishi wa utafiti wa kwanza, alitangaza kwamba haamini tena kuwa athari hiyo ipo. Bado inafundishwa.

Utafiti ulio na faida kwa mwanafunzi wa Lodwar ni mwingine, nao hautajwi sana. Mwaka 2003 Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walionyesha kwamba mzungumzaji mwenye hofu hudhani hofu yake inaonekana na kila mtu, kumbe wasikilizaji huiona kidogo sana. Walioambiwa ukweli huo kabla ya kuhutubia walihutubia vizuri zaidi kuliko wasioambiwa. Ni maneno ya dakika moja, hayahitaji projekta. Magoti yako yanatetemeka ndani ya suruali. Safu ya tatu haijui.

Kuhusu mikono, pana jambo ambalo hubadilisha mpangilio mzima wa somo. Mwaka 1998 Jana Iverson na Susan Goldin-Meadow waliripoti kwamba watoto waliozaliwa vipofu hutumia ishara za mikono wanapozungumza, hata na kipofu mwenzao. Hawakuziona popote, na msikilizaji hazimsaidii. Maana yake mikono haipambi maneno tu. Husaidia kufikiri, na husogea pale wazo linaposogea. Kumwambia mwanafunzi “tumia mikono” ni kuanzia mkiani. Matokeo yake tunayajua kutoka tamasha za shule, kwenye mashairi ya mtu mmoja: mtoto akitaja moyo anagusa kifua, akitaja mbingu anaelekeza kidole juu, akitaja mama anajikumbatia, na waamuzi wanatabasamu.

Kama mikono hufuata wazo, basi lugha ya wasilisho ni suala la mwili pia. Wasilisho chuoni ni la Kiingereza. Mwanafunzi anayetafuta kichwani kama kitenzi kichukue umoja au wingi, huku akihofia kuchekwa kwa lafudhi, hana nafasi ya kufikiri, na mikono yake hufa pamoja na wazo. Mpe mada hiyohiyo, tuseme ya ujenzi wa bwawa, aieleze kwa Kiturkana, au kwa Kiswahili, umwone akichora bwawa hewani. Kakuma suala hili lina ngazi zaidi, kwa kuwa Wakongomani na Warundi wengi hukijua Kiswahili zaidi kuliko Kiingereza, lakini Kiswahili chao cha Bukavu au Bujumbura huchekwa na Wakenya waliokulia Kiswahili cha vitabu. Hakuna aliyekatazwa na sheria kufanya zoezi la kwanza kwa lugha inayomtoka bila kujikwaa na la pili kwa Kiingereza. Ni mazoea tu.

Mwili mmoja kwa hadhira zote haupo, na Kakuma inalithibitisha kila siku kwa mambo madogo. Mhabeshi anayekukubalia huvuta pumzi ndani kwa ghafla. Mkenya akidhani mwenzake ameshtuka, hunyamaza. Ukimgawia Msomali karatasi kwa mkono wa kushoto, umemkosea adabu kabla hujaanza kusema. Mwanamume wa Kongo akimsalimu rafiki kwa kugusanisha vipaji vya nyuso, wengine hugeuza macho. Darasa la namna hiyo ni utajiri kwa mwalimu wa mawasiliano, maana ana hadhira saba ndani ya chumba kimoja. Kwa kawaida hulichukulia kuwa kero.

Sasa nije kwenye hoja inayonisumbua zaidi, kwa sababu inaipinga ile niliyoanza nayo. Nimesema wasilisho la darasani linaharibiwa na msikilizaji mmoja mwenye kalamu. Lakini Kakuma maisha yenyewe yamejaa msikilizaji mmoja mwenye kalamu. Yuko kwenye mahojiano ya kupewa hadhi ya ukimbizi. Yuko kwenye mahojiano ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Yuko kwenye ufadhili wa masomo kwa wakimbizi wa DAFI, uliopo tangu 1992, na kwenye mpango wa Wakanada wa WUSC unaowapeleka wanafunzi wakimbizi vyuo vikuu vya Kanada tangu 1978. Mwombaji huketi mbele ya meza, mara nyingi na mkalimani kando, na kila anapoinamisha macho kuna hatari mtu akaandika kwamba anaficha jambo.

Hatari hiyo haina msingi wa kisayansi. Charles Bond na Bella DePaulo walipokusanya mwaka 2006 matokeo ya tafiti nyingi kuhusu kutambua uongo, walikuta watu hupatia kwa asilimia 54, juu kidogo tu ya kurusha sarafu. Wanaohoji wakimbizi nao huonywa wasipime ukweli kwa macho na mikono. Lakini onyo la kwenye mwongozo ni jambo moja, na afisa aliyechoka saa tisa alasiri ni jambo jingine. Kwa hiyo, ingawa naona ni kosa kumkata mwanafunzi alama kwa kuinamisha macho, ni kosa vilevile kumwacha aingie chumba kile bila kuambiwa namna macho yake yatakavyosomwa. Amwambie mapema mhojaji, kwa maneno, “kwetu kumtazama mkubwa machoni si adabu”. Ajue kugawa macho: sekunde chache kwa mhojaji, chache kwa mkalimani, chache kwenye meza. Huko si kujifanya mzungu. Ni kujua uko mbele ya nani, ujuzi uleule ambao mzee mwenye fimbo anao.

Tarehe 9 Juni 2018 Kakuma iliandaa TEDxKakumaCamp, hafla ya hotuba fupi, ya kwanza ya aina yake kufanyika ndani ya kambi ya wakimbizi. Alisema Halima Aden, mwanamitindo aliyezaliwa kambini humo. Alisema Yiech Pur Biel, aliyekimbia mita 800 katika timu ya wakimbizi ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Alisema Mary Maker, mwalimu kutoka Sudan Kusini, kuhusu elimu ya wasichana wakimbizi. Mengi yameandikwa kuhusu maudhui ya siku hiyo, machache kuhusu maandalizi. Hotuba za mtindo ule haziandaliwi usiku wa kuamkia zamu yako. Hukatwa, husemwa upya, husikilizwa na mtu anayesema hapa sikukuelewa, kisha husemwa tena. Mwanafunzi wa kawaida wa Lodwar husema mara moja, huandikiwa alama, na mada hiyo hairudii tena maishani. Ukitaka kujua kwa nini msemaji wa hafla ile na mwanafunzi huyu wanaonekana watu wa vipaji tofauti, anzia hapo.

Lodwar ina chumba chake cha mahojiano, nacho ni ukumbi wa ushirikishwaji wa umma. Katiba ya 2010 iliufanya ushiriki wa wananchi kuwa tunu ya taifa, na tangu ugatuzi uanze hakuna bajeti ya kaunti wala mpango wa maendeleo unaopita bila mkutano. Mafuta yaliyogunduliwa kwenye kisima cha Ngamia 1 mwaka 2012 yaliongeza mikutano hiyo, na maandamano ya Lokichar mwaka uliofuata yakaonyesha gharama ya watu kuhisi hawasikilizwi. Katika mikutano hiyo maafisa huja na slaidi za Kiingereza, mkalimani hufupisha, kisha wananchi hupewa dakika mbilimbili. Mzee husimama na usemi wake wa mtini, wenye ukimya na mizunguko, na saa humkata kabla hajafika. Kijana wa chuo, ambaye angeweza kuzijua pande zote mbili, huketi nyuma akirekodi kwa simu. Huyo ndiye ambaye kozi ya Stadi za Mawasiliano ingepaswa kumsimamisha. Anaweza kusoma jedwali la bajeti, anaweza kumweleza nyanyake, na akifunzwa anaweza kusema hoja yake ndani ya dakika mbili.

Afunzwe vipi na darasa ni la watu 90? Narudi kwenye hesabu ileile. Ligawe darasa makundi tisa ya watu kumi, uyatoe nje yakatafute kivuli cha mgunga au mwarobaini. Kila mtu aseme dakika tatu, bila slaidi, kwa lugha atakayo, juu ya jambo ambalo wenzake tisa hawalijui: namna ya kumkagua mbuzi kabla ya kumnunua, namna ya kukata rufaa kadi ya chakula ikifungwa. Makundi yote huenda kwa pamoja, hivyo nusu saa inatosha watu wote 90 kuzungumza. Hakuna alama. Wiki mbili baadaye warudie mada ileile kwa Kiingereza mbele ya kundi jingine. Mara ya tatu ndipo mhadhiri aje na kalamu, awasikie wachache kila kipindi, na alama izingatie mtu amesogea wapi tangu mara ya kwanza.

Wasichana watahitaji uangalifu zaidi. Wengi wamelelewa kunyamaza mbele ya wanaume, na kicheko kimoja cha kiume kikimpata dakika ya kwanza, hatasimama tena muhula huo. Kuanzia na kundi la wasichana watupu mara ya kwanza si upendeleo. Mara ya tatu wawe wamechanganyika, la sivyo ukumbi wa kaunti utawakuta wageni.

Januari 2026 kikosi cha kwanza cha mtaala wa umilisi kiliingia gredi ya kumi, na kuanzia 2029 kitabisha hodi vyuoni. Kusikiliza na kuzungumza kumekuwa mada yao tangu gredi ya kwanza, ingawa katika shule za Kakuma zenye zaidi ya wanafunzi mia moja kwa darasa sijui ni wangapi watakuwa wamesikilizwa. Fomu ya alama inaweza kurekebishwa kabla hawajafika, tena kwa mstari mmoja tu. Kipengele cha kutazama machoni kifutwe, na mahali pake paandikwe: aliulizwa swali na mwenzake, akalijibu.